TV mpya ya flati: picha mama kaipata, sauti tumeitafuta wenyewe

TV za siku hizi zinatengenezwa kwa ajili ya macho, masikio hawayafikirii sana, na kama unaishi na mzazi mtu mzima hilo utaligundua mapema tu baada ya kuifungua kwenye boksi.

Sisi hapa Tanga tumekaa na TV ya chogo miaka mingi mno, inchi 21, ile nzito mpaka uite mtu mkasaidiane kuibeba. Imepita zama za antena kwenye mti mrefu juu ya bati, analojia ikazimwa (Dar ndo walianza 31 Desemba 2012, mikoani ikafuata) tukafunga kingamuzi na chogo likaendelea kudunda. Mwenye TV hapa ni mama. Yeye ni wa kizazi kilichosikia Zanzibar wana TV ya rangi tangu 1974 wakati huku bara tumekuja kuwa na vituo vyetu 1994, kwa hiyo kwake TV haiwashwi ikaongea peke yake, ikiwaka watu wanakaa wanaangalia, na saa mbili usiku ni taarifa ya habari hakuna mjadala.

Basi ilivyoingia flati ya inchi 43 furaha yake ilizidi ya watoto. Macho yake yana shida ya muda mrefu, kwenye chogo alikuwa anavuta stuli mpaka karibu na kioo na bado yale maandishi yanayopita chini anatuuliza yameandikwa nini. Sasa anakaa kwenye kochi lake, kama mita mbili na nusu hivi, anasoma mwenyewe kwa sauti, jina la waziri, cheo chake, bei ya mahindi sijui mkoa gani, na yule mkalimani wa lugha ya alama anayekaa pale kona anamuona mpaka vidole. Mtu ambaye hajaishi na mzee anayepungukiwa macho hawezi kuelewa hiki kitu kina uzito gani. Agosti 2025 Taifa Stars walivyofungua michuano ya CHAN na Burkina Faso pale uwanja wa Mkapa sebule ilijaa mpaka majirani, Sopu kafunga penati, Tshabalala akaja kuweka la pili, na mama ndo alikuwa anatutajia dakika maana zilikuwa zinaonekana pale juu na yeye anazisoma.

Ila siku hiyohiyo, katikati ya kelele, ananigusa, "Mwanangu, huyu mtangazaji anasemaje?" Nikaongeza sauti. Akauliza tena. Nikaongeza mpaka kioo kinatetemeka, watoto wameziba masikio, na yeye bado anasikia mngurumo tu, maneno hayapati.

Nikaanza kufuatilia. Chogo letu lilikuwa na spika mbele, moja kila upande wa kioo, zinakutazama usoni. Flati haina nafasi hiyo, kioo kimechukua uso wote, spika ni ndogo na nyembamba na zimewekwa chini au nyuma, kwa hiyo sauti inapiga ukuta au meza kwanza ndo ije kwako. Kijana mwenye masikio mazima hajali. Sasa chukua mtu mzima, kusikia kwa uzeeni huwa kunapungua kuanzia zile sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko s, f, sh na t, yaani herufi zinazotofautisha neno na neno. Anasikia kuwa mtu anaongea, haelewi anaongea nini. Ukimuongezea volyumu unamuongezea kelele tu.

Watu wote wakaniambia nunua sabufa. Sabufa tulikuwa nayo, tukachomeka waya kutoka tundu la hedifoni la TV kwenda kwenye yale matundu mekundu na meupe ya sabufa, na kweli nyumba ikachangamka, lakini besi ikammeza mtangazaji kabisa. Kilichosaidia ni kinyume cha wanachofanya vijana wengi, besi tumeshusha karibu yote, trebo (zile sauti nyembamba za juu) tumepandisha, na zile spika mbili ndogo za sabufa tumezitoa pembeni ya TV tukaleta moja karibu na kochi la mama usawa wa kichwa chake. Kwenye menyu ya sauti ya TV pia kuna sehemu ya kuchagua aina ya sauti, muziki, sinema, habari, sisi tumeacha kwenye habari moja kwa moja hata kama ni mpira, maana inasogeza mbele sauti ya mtu anayeongea. Siku ya kwanza tumeweka hivyo akakaa kimya taarifa nzima, ilivyoisha akaanza kutusimulia sisi tuliokuwa jikoni, na volyumu ilikuwa chini kuliko wiki zote.

Jambo jingine ni ukuta. Fundi alitaka kuitundika juu kabisa karibu na dari, nimeona nyumba nyingi wanafanya hivyo, eti watoto wasiifikie. Nilikataa. Katikati ya kioo panatakiwa pawe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, mzee hawezi kuinua shingo saa nzima. Watoto wanafundishwa, na wanafundishika. Kusafisha ni kitambaa laini kikavu TV ikiwa imezimwa, spiriti na sabuni mbali kabisa. Na gadi ya umeme usiiache dukani, umeme ukirudi kwa kishindo hiyo ndo inasimama mbele ya TV.

Mwanga nao, TV ikitoka dukani inakuwa imewekwa ule mwanga mkali wa kuvutia wateja, usiku inachoma macho, nenda kwenye picha ushushe. Mama alikuwa anafuta machozi kila saa nikadhani macho yamezidi, tulivyoshusha yakaacha.

Sasa kilichobaki ni hospitali. Spika karibu na kochi imesaidia sana lakini masikio yenyewe hayajapimwa, na wakati mwingine ni nta tu imejaa, inatolewa mtu anasikia tena. Nimeshaongea naye, mwanzo alikuwa mgumu, anasema uzee hautibiwi, nikamwambia mama twende tu wakuangalie. Amekubali kwa sharti moja, twende asubuhi, saa mbili usiku awe ameshakaa kwenye kochi lake.