Mpeasi Hautaki Kubembelezwa

Kwa anayetaka kupanda mpeasi huku Kentucky, ushauri wangu ni mmoja: chagua kwanza mti utakaoishi, habari za ladha zifuate baadaye.

Nilikulia Lushoto, ambako mapeasi huuzwa kwa ndoo kando ya barabara na mpeasi husimama karibu na migomba bila kumsumbua mtu. Huku Louisville, Kentucky, mambo ni mengine. Majira ya kuchipua huja na mvua iliyochanganyika na joto, wakati huohuo maua ndiyo yamefunguka. Hapo ndipo bakteria aitwaye Erwinia amylovora, aletaye ugonjwa wa kunyausha mipeasi uitwao kwa Kiingereza fire blight, anapopata mlango. Kipindi cha baridi hujificha kwenye vidonda vya matawi. Joto likirudi, vidonda huchuruzika utomvu unaonata, kisha wadudu na matone ya mvua huupeleka kwenye maua.

Mzee jirani yangu alikuwa na Bartlett, lile peasi ambalo Waingereza wanaliita Williams. Tunda lake tamu mno, lakini kwa ugonjwa huu ni mnyonge. Mwaka mmoja ncha za matawi zilijikunja kama bakora, majani yakawa meusi na yasidondoke. Kabla kiangazi hakijaisha, ugonjwa ulikuwa umeshateremka hadi kwenye shina. Akauangusha mti wake kwa msumeno.

Mimi nikachukua miche miwili iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha aina moja kimeungwa kwenye shina la mti mwingine, kwa sababu mpeasi mmoja peke yake mara nyingi hauzai vizuri. Unahitaji chavua ya aina nyingine. Wa kwanza ni Moonglow, uliotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1960. Wa pili ni Kieffer, aina ya karne ya 19 kutoka Philadelphia, chotara wa peasi la Asia na la Ulaya. Yote miwili ni sugu, ila usugu si kinga kamili. Muuzaji akikuapia kwamba mti wake hauugui kabisa, anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Niliipanda mwanzoni mwa Machi ingali imelala, mahali penye jua la kutwa, sehemu iliyobebeshewa ikiwa juu ya udongo. Udongo ulishapimwa kwenye ofisi ya ugani ya kaunti. Nikazungushia waya, maana kulungu wa huku hawana adabu.

Kisha yakaja mabishano. Mama watoto alikuwa na samadi nzuri ya mboga zake.

“Baba watoto, na hii hutaitilia?”

“Hii tuiache tu, mama.”

Akaniona bahili. Lakini naitrojeni nyingi huufanya mpeasi utoe machipukizi marefu, laini, yenye maji, na hayo ndiyo anayoyapenda yule bakteria. Kwa hiyo mti wangu hupata matandazo ya vipande vya mbao, maji wakati wa ukame, basi. Kazi ya kupogolea naifanya Februari, siku kavu, na siukati sana, kwani ukiupogoa kupita kiasi unajibu kwa machipukizi yaleyale laini.

Ugonjwa ulibisha hodi hata hivyo. Tawi moja la Moonglow lilinyauka nchani mwezi wa Mei. Nilipolichuna gome kidogo kwa kisu, chini yake palikuwa na wekundu wa kahawia uliopita sehemu iliyonyauka. Ndiyo maana hukati pale unapoona ugonjwa umeishia. Unashuka kama sentimita 30 chini yake, na kila ukikata unaufuta mkasi kwa spiriti. Tawi lile nililichoma moto. Haukuendelea mbele ya hapo.

Moonglow huvunwa Agosti, na hapa wengi hukosea kwa kusubiri liivie mtini. Peasi la Ulaya kama hili huanza kuiva kwa ndani. Likilainika nje, katikati limeshaoza. Mimi hulishika tunda na kuliinua hadi lilale usawa. Kikonyo kikiachia kwa urahisi, linaingia kapuni likiwa bado gumu, likae ndani ya nyumba. Nikibonyeza karibu na kikonyo na kidole kikazama kidogo, linaliwa.

Kieffer husubiri hadi Oktoba, na kulila hivihivi ni kuyatesa meno, lina chengachenga. Mama watoto hulipika na sukari, mdalasini na iliki, na sikuhizi habari za samadi hazizungumzi tena.