Saa Nane Mchana Ukumbini

Nimewezesha semina za ununuzi wa umma kwa muda wa kutosha kujua ukumbi huanza kusinzia saa ngapi. Hapa Tanga, hasa wakati wa joto la kaskazi, ni saa nane mchana, mara baada ya chakula; na kwa miaka mingi huo ndio wakati niliokuwa nikifika kwenye slaidi za tathmini ya zabuni, yaani sehemu ile ile inayozaa hoja za ukaguzi.

Mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ulipoanza kutumika Julai 2023 kuchukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, kisha Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huo ikaifuta ile ya 2011, na Kanuni zake zikatoka 2024, nilifanya nilichozoea. Nilifungua slaidi za zamani, nikabadilisha namba za vifungu, nikabandika picha za kurasa za mfumo mpya. Washiriki walipata kablasha, chai na cheti, nami nikaamini nimefundisha.

Aliyenizindua ni mwalimu wa sekondari, aliyenipigia simu akiwa ameteuliwa na afisa masuuli wake, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, kuingia katika kamati ya tathmini ya zabuni ya samani za shule. "Samahani kaka," aliniambia, "huyu wa Dar es Salaam ana bei ndogo na ametimiza kila kitu, lakini wenzangu wanasema yuko mbali, meza zikivunjika tutampata wapi? Tumwondoe?" Nikamjibu kwamba kamati haiwezi kumwondoa mzabuni kwa kigezo kisichoandikwa katika nyaraka za zabuni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini basi sharti la matengenezo halikuandikwa tangu mwanzo.

Swali hilo nililirudia kichwani kwa siku kadhaa. Kosa lililokuwa likinukia mezani kwa mwalimu lilikuwa limetendwa miezi kadhaa nyuma katika idara tumizi, yaani idara inayohitaji kununuliwa vitu, na mtu aliyeandaa mahitaji ya samani bila kufikiria matengenezo. Semina zangu hazikumfikia huyo wala mwalimu. Walioalikwa siku zote walikuwa maofisa wa kitengo cha usimamizi wa ununuzi, ambao aghalabu wanaijua sheria kuliko wote, ilhali wanaoandika mahitaji na wanaokaa katika kamati ni walimu, wauguzi na wahandisi ambao ununuzi kwao ni kazi ya kupita.

Ndipo nikaanza kusoma habari za usanifu wa mafunzo. Utaratibu unaojulikana kama ADDIE, ulioandaliwa 1975 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani, una hatua tano: uchambuzi, usanifu, uandaaji, utekelezaji na tathmini. (Neno hili la mwisho huwachanganya watu wa ununuzi, ambao wakilisikia huwaza wazabuni.) Mimi siku zote nilianzia hatua ya nne. Ukumbi ulikodiwa kabla sijauliza nani anakosea, anakosea wapi, na kama kweli anakosea kwa kutojua, maana yupo pia anayejua vizuri na kugawanya ununuzi makusudi ili akwepe ushindani, na huyo hana haja ya semina.

Hata fomu yangu ya mwisho wa semina ilinisuta. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani wa masuala ya mafunzo, alieleza tangu 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa namna nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, utendaji wao umebadilika vipi, na taasisi imepata matokeo gani. Fomu yangu iliuliza kama ukumbi ulikuwa na hewa na chakula kilitosha.

Sasa ninaanza na zabuni ya kubuni: madawati na meza, wazabuni watatu, nyaraka kamili, na mmoja wao yuko mbali. Washiriki hukaa wawili wawili na kutoa uamuzi kabla sijataja kifungu chochote. Mara ya kwanza, karibu nusu ya ukumbi ilimwondoa yule wa mbali, tena kwa maelezo marefu yenye busara zote za dunia. Tulipofungua Kanuni baada ya hapo, walizisoma kwa hamu ya mtu anayetafuta kujitetea, hamu ambayo slaidi zangu hazikuwahi kuiamsha. Na kwa kuwa kusahau huanza mapema, kama mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alivyoonyesha 1885, nawatumia kisa kifupi kwa WhatsApp baada ya wiki moja, na kingine baada ya mwezi.

Kikwazo kikubwa ni hesabu za ofisi. Bado mafunzo huripotiwa kwa idadi ya waliohudhuria, na ni vigumu kumshawishi mwenye bajeti kwamba karatasi moja anayokabidhiwa mjumbe wa kamati siku anayoteuliwa, pamoja na saa mbili za mazoezi, inaweza kumfaa kuliko siku tatu hotelini. Posho nayo ina wakili wake katika kila kikao.

Mwezi ujao nina kundi la wakuu wa idara, watu wanaoandika mahitaji. Slaidi zimebaki tisa, na zoezi la madawati nimelipanga saa nane mchana.