Bibi wa presha, wodi ya wanawake

Marekani huingii udaktari ukitoka fomu siksi na PCB yako (fizikia, kemia, baiolojia) kama Bongo, kwanza umalize digrii ya miaka minne, halafu mtihani wa kuombea udaktari, MCAT, halafu bado wanataka waone umeshakaa na wagonjwa. Sisi tuliokulia Houston, baba dereva wa lori, hamna mjomba daktari wa kumfuata hospitalini, hapo ndo tunapokwama, kwahiyo kiangazi cha 2016 nikaenda kwa shangazi Moshi na hospitali moja ya kule ikakubali niwe naingia wodini kuangalia.

Nikakuta vijana wenzangu wa Marekani, wamelipa kampuni pesa ndefu kwa kitu hicho hicho. Mmoja alishashona kidonda cha mtu, na digrii yenyewe hajamaliza! Eti kwenye fomu ya maombi ya chuo cha udaktari, zile herufi 700 wanazokupa kueleza shughuli moja, ataanza na hiyo. AAMC, chama cha vyuo vya udaktari Marekani, walishaandika kwamba usichoruhusiwa kumfanyia mgonjwa kwenu usiende kukifanya kwa watu, ila nani anasoma.

Siku hiyo kwenye raundi daktari akambonyeza bibi mmoja mguuni, akatoa kidole, shimo likabaki pale pale. Wakajadiliana Kiingereza, wakaandika kwenye faili, wakahamia kitanda kingine. Bibi akanivuta koti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe unajua Kiswahili! We daktari?"

"Hapana bibi, hata chuo chake sijaanza."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Naangalia."

"Mimi ndo naangaliwa? Kama tivii?" Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza wamesemaje.

Nilikua nimeelewa nusu, na hata ningeelewa yote haikua kazi yangu kumwambia, nikamfuata daktari na bila ubishi akarudi akavuta stuli akakaa. Ndo ikajulikana vidonge vya presha bibi kaacha toka Pasaka, maana alipima ikawa imeshuka akaona kapona, vilivyobaki akampa jirani. Daktari akamweleza taratibu, moyo umechoka kusukuma ndo maana maji yanashukia miguuni, vya presha ni kila siku hata ukijisikia mzima, na sasa anaongezewa Lasix ya kutoa maji, asubuhi na jioni.

"Jioni hapana," bibi akasema, "choo chetu kiko nje, nyuma ya migomba."

Daktari akafikiria kidogo, akakata jioni akaandika saa nane mchana.