Vidole viwili vya mhazini

Jana usiku wanangu waligombania kile kipande cha kitenge tunachowekea alama kitabuni. Mkubwa alikiacha katikati ya hadithi, mdogo akakichukua, akasoma nacho hadi mwisho. Asubuhi mkubwa akafungua kitabu, akaja analia: "Baba, hadithi imeisha na mimi sijaisoma!"

Kilio kile kikanirudisha kimawazo sebuleni kwa mhazini wa kikoba niliyemwandikia programu.

Siku zile Java, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa imenilevya. ArrayList, orodha yake iliyo tayari, ipo, imetulia, lakini mimi nilitaka ya kwangu: Orodha<T>, leo ibebe wanachama, kesho marejesho, bila kuandikwa upya. Nikaivisha Iterable<T> ili ile for fupi iliyokuja na Java 5, inayopitia vitu kimoja kimoja, iikubali. Kwa uvivu, nikaifanya hiyohiyo iwe Iterator<T> pia, yaani alama inayokumbuka imefika wapi. Ndani ya iterator(), inayotakiwa kutoa alama hiyo, nikaandika return this, yaani ijitoe yenyewe, nikajiona fundi.

Kazi yenyewe: kumsaka mwanachama aliyeandikishwa mara mbili kati ya 43. Lupu (mzunguko wa kurudia) ndani ya lupu, kila mmoja alinganishwe na wenzake. Nikabonyeza mbele ya mama wa watu. Waliojirudia: 0.

Hakutazama hata kioo. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafunua kaunta buku, akakishusha taratibu, jina kwa jina, kikasimama namba 12. Kikabaki pale. Mkono wa pili ukaanza juu kabisa, ukateremka peke yake, ukaupita ule wa kwanza bila kuugusa, ukasimama namba 31.

"Mwanangu, huyu na huyu ni mtu mmoja. Simu ileile."

"Ndiyo, mama," nikasema, macho kwenye vidole vyake. Mimi nilikuwa nimempa kompyuta kidole kimoja. Lupu ya nje ilimshika mwanachama wa kwanza. Ya ndani ikanyakua kidole hichohicho, ikakimbia nacho hadi wa 43. Ya nje ilipouliza hasNext(), yaani kama kuna anayefuata, ikaambiwa hakuna tena. Namba 12 na 31 hawakukutana kabisa.

Usiku ule nikaandika klasi ndogo ya ndani, kipande cha programu chenye kihesabio chake, iterator() ikawa inatoa mpya kila ikiitwa. Aliyejirudia akapatikana. Mhazini alinishukuru sana, na kaunta buku hakuiacha.

Leo nimechana kipande kingine cha kitenge. Mdogo amekikataa. Anataka kilekile.