Pleti ikitoka inkubeta, iangalie vizuri kwanza

Watu wengi wakisikia kuotesha bakteria wanataka kujua kitu kimoja tu, imeota au haijaota, mi naona hapo tunapoteza mengi sana maana pleti, kile kisahani cha chakula cha bakteria kinachokaa kwenye inkubeta (kabati la joto), inaongea kabla hujagusa kipimo kingine chochote. Kile kidoti cha milimita moja mbili unachokiona ni kolonia, yani ukoo mzima uliotokana na bakteria mmoja au kakundi kadogo kalikoangukia pale, E. coli akipata chakula na joto la 37 anajigawa kila dakika kama 20 hivi, sa piga hesabu usiku kucha. Na tunaziona hivyo zimetengana kwasababu ya Fanny Hesse, aliyekuwa anamsaidia mumewe kwenye maabara ya bakteria, yeye ndo alitoa wazo la agari (ute wa mwani unaogandisha chakula cha bakteria) mwaka 1881, kabla ya hapo walitumia jelatini ambayo ikifika 37 inakuwa uji.

Mi napenda zaidi agari ya damu, yani iliyochanganywa na damu. Inyanyue kwenye mwanga uitazame kwa chini. Kama kuzunguka kolonia damu imepasuliwa yote mpaka panaangaza, unawaza Streptococcus pyogenes, au Staphylococcus aureus kama kolonia ni kubwa za krimu au dhahabu. Ukiona ukijani tu, huenda ni Streptococcus pneumoniae, na kolonia zake zikikaa zinabonyea katikati maana anajiyeyusha mwenyewe. Proteus sasa ndo hatulii kabisa, anatambaa pleti nzima kwa mawimbi, duara nje ya duara, anafunika wenzake wote.

Huyohuyo Proteus mpande kwenye agari nyingine inaitwa MacConkey, ametulia, kolonia mojamoja! Bakteria ni yuleyule, media, yani chakula anachooteshewa, ndo imebadilika. Ile ina chumvi za nyongo zinazowazuia wengi wa Gram chanya (wale wanaobaki zambarau kwenye kipimo cha rangi cha Gram), af ina laktosi (sukari ya maziwa) na rangi inayogeuka asidi ikiongezeka, kwahiyo E. coli anayekula laktosi anatoka pinki na Salmonella asiyeila anabaki hana rangi. Ndo maana ukiniambia umeona kolonia ya pinki lazima nikuulize kwenye media gani.

Kwenye media ya maji nako usiitikise kabla hujaangalia, Pseudomonas anapenda oksijeni anaweza kutanda utando juu, wengine wanazama chini, wengine wanachafua chupa nzima.

Halafu muda jamani, masaa 24 yanawatosha wengi ila sio wote, wa TB kwenye media ya mayai inaitwa Löwenstein-Jensen anasubiriwa mpaka wiki 8.