Jioni za Mabibo

Jamani chuo sio mchezo. Watu walinitisha na masomo, joto la Dar, foleni ya Ubungo, ila hakuna aliyeniambia kuhusu jioni. Saa kumi na mbili na nusu hivi vipindi vimeisha, adhana inasikika, wenzako rumu kila mtu na simu yake, ndo hapo moyo unaanza kurudi nyumbani Moro.

Siku hizi nawaza sana ile kambi ya skauti tuliyokuwa tunaenda likizo ya Juni nikiwa shule ya msingi, kule chini ya milima ya Uluguru. Baridi ya kulala na sweta na soksi, na asubuhi turubai limelowa umande, ukiligusa tu na kichwa maji yanakuingia shingoni. Usiku wa kwanza tulilia karibu wote. Kiongozi wetu hakutubembeleza, alitugawia zamu: wewe kuni, wewe maji, nyie sufuria, na sufuria zenyewe zina masizi hatari tunasugua na mchanga na majivu mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Usiku kwenye moto akatuhadithia kambi ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ya 1907, kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, wavulana kama 20 tu, wa kitajiri na wa kawaida kawachanganya pamoja. Kabla ya kulala anapita na tochi anatuhesabu hema kwa hema, akikosekana mmoja hakuna kulala.

Sasa huku hosteli ya Mabibo nani akuhesabu? Unaweza usile, usiingie kipindi siku nzima, na hakuna atakayeuliza. Ni uhuru kweli, sikatai, ila mi ulinielemea.

Basi nikawaambia wenzangu rumu tupange zamu, mmoja katokea Bukoba mwingine Mtwara, hatukuwa tunajuana kabisa. Wa kufagia, wa kujaza ndoo maji yasije yakakatika, wa kununua mkate. Na mtu akichelewa anapigiwa. Wa Mtwara mwanzoni alikuwa haongei, salamu tu basi, juzi nimekwama kwenye daladala giza limeingia, simu inaita, ni yeye: "Uko wapi we, tukubakizie chapati?" Nilifurahi mpaka konda akanigeukia.

Bado nalia siku nyingine, hasa Jumapili nikishaongea na mama. Wananiacha nilie, halafu wananivuta twende kula.