Ukiunguzwa neva ya tano, uliza ganzi itaangukia wapi

Kuunguza neva ya tano ya kichwa kwa ajili ya maumivu makali ya uso huacha ganzi, na hilo mgonjwa alijue kabla ya kusaini fomu. Joto huua nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu, lakini nyuzi za mguso zilizo jirani nazo haziponi zote. Kwa hiyo kinachofaa kuulizwa ni ganzi hiyo itaangukia wapi, na itakuwa nzito kiasi gani.

Sindano huingia shavuni, kama sentimita 2.5 kutoka pembe ya mdomo, na huongozwa kwa eksirei hadi kwenye tundu dogo la sakafu ya fuvu. Mgonjwa huamshwa kutoka usingizi wa dawa, kisha hupitishiwa umeme hafifu wa hezi 50. Mchonyoto ukitokea palepale panapomuumaga, sindano imefika. Ndipo joto hupandishwa, kwa kawaida nyuzi 60 hadi 75 za Selsiasi kwa sekunde 60 au zaidi, na ngozi hupimwa kwa pini kabla ya kurudia. Daktari anayeharakisha kipimo hiki ndiye wa kumwogopa. Ncha ikizama mno, moto hufika tawi la kwanza, lile linalohudumia jicho.

Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ikiwa na ganzi haihisi vumbi. Kope hupepesa kidogo, machozi hupungua, na kidonda hujichimba bila kuuma hata chembe. Wengi husubiri maumivu ndipo waende hospitali, na maumivu hayaji. Jitazame kwenye kioo kila asubuhi: jicho likiwa jekundu, ukiona ukungu au mwanga ukikukera, muone daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa sababu kovu la konea laweza kukuondolea uoni. Wenye ganzi hii hutumia machozi bandia yasiyo na kihifadhi, huvaa miwani penye upepo, na hawafikichi jicho.

Tawi la tatu, lile la taya la chini, limefuatana na nyuzi zinazoendesha misuli ya kutafuna. Zikiumia, mgonjwa hung'ata kwa unyonge na taya huenda upande uliotibiwa anapofungua mdomo. Mara nyingi nguvu hurudi baada ya miezi kadhaa. Tatizo hili huonekana zaidi katika njia nyingine ya tiba, ile ya kubana neva kwa puto dogo, kuliko neva inapounguzwa. Udhaifu huu wa kutafuna ndio sababu pande zote mbili hazitibiwi kwa mkupuo mmoja. Na shavu likiwa na ganzi, chai ionjwe kwanza kwa upande usio na ganzi.

Kwenye meza ya upasuaji kuna hatari zake. Moyo huweza kupunguza mapigo ghafla, hasa puto linapojazwa, hivyo atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, huwekwa karibu. Shinikizo la damu nalo huweza kuruka joto linapopanda. Damu nyekundu ikichuruzika kwa kudunda, yaelekea mshipa wa karotidi, ule mkubwa unaopeleka damu ubongoni, umetobolewa: sindano hutolewa, shavu hubanwa, kazi huahirishwa. Kuona vitu viwiliviwili mara nyingi huisha polepole. Malengelenge ya hepesi mdomoni siku chache baadaye ni ya kawaida na yana dawa. Lakini homa, kichwa kuuma na shingo kukakamaa ni dalili za kukimbilia hospitali.

Linalotisha kupita yote ni uso wenye ganzi kamili ambao bado unawaka moto, mchana na usiku. Hali hii hutokea zaidi neva inapounguzwa sana, haina tiba ya kuaminika, na kuunguza tena huizidisha. Ni heri ganzi iwe nyepesi, hata kama maumivu yatarudi baada ya miaka kadhaa, maana kazi hii yaweza kurudiwa. Na mtu ambaye tangu mwanzo maumivu yake ni ya kuwaka mfululizo, yasiyokuja kama mishtuko ya umeme, aulize mara mbili kabla ya kukubali sindano.

Kabamazepini, dawa ya kumeza ya maumivu haya, nayo isikatwe kwa ghafla siku maumivu yanapokoma. Dozi hupunguzwa kidogokidogo, kwa maelekezo ya daktari aliyeiandika.